Mashine Zilizoandikiwa Kufa

Alhamisi ilikuwa siku ya kubishana. Inès alikuwa na chumba cha matofali pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, chenye paneli nne za jua juu ya bati, na watu walimletea simu zao kuchaji. Simu haijai kwa dakika mbili, na mtu anayesubiri bila kusema kitu Mungu hajamuumba bado. Basi Inès akawa anawasomea habari za teknolojia kutoka mtandaoni, kwa Kifaransa chake cha Bujumbura na Kiingereza chake cha kuokoteza, anazigeuza Kiswahili, na kila mtu anatoa hukumu yake.

Na hukumu zenyewe hazikuwa na huruma. Iliposomwa habari ya simu inayokunjwa katikati kama kitambaa, Mama Ancilla muuza nyanya alisema mtu wa kukunja simu ni mtu aliyekosa nguo za kukunja. Iliposomwa kwamba makampuni ya ng'ambo yanafukuza maelfu ya wafanyakazi ili mashine zenye akili zishike kazi zao, Gervais mshona viatu aliuliza hizo mashine zitakula nini, na zikishashiba zitanunua viatu vya nani. Watu wakacheka mpaka jirani akachungulia. Inès naye alikuwa na maoni yake, tena makali. Alisema matajiri wa kompyuta wana ugonjwa mmoja tu: wakishakuuzia kitu hawalali mpaka wakuaibishe kwa kuwa nacho.

Nyuma ya pazia la chumba hicho ndiko kulikokuwa na kompyuta kumi na moja, roho ya Inès. Zilitoka kwa shirika moja lenye ofisi Mbarara, mtaa wa Ruti. Siku ya kuzileta, miaka mitano iliyopita, bosi wa shirika alisimama mbele ya umati, akapigwa picha, akasema kwa kinywa chake, tumewapa. Tangu hapo Inès alikuwa amefundisha watu zaidi ya mia mbili. Kundi la mwaka huu lilikuwa na watu kumi na moja, na Desemba wangefanya mtihani wa cheti. Kwa mkimbizi cheti si karatasi ya kutundika ukutani. Ndicho kinachomtoa kwenye foleni ya kusubiri unga na kumweka upande wa pili wa meza.

Mwezi wa kumi ikaja habari ambayo haikumchekesha mtu. Kampuni kubwa ya Marekani imeacha kuhudumia mfumo wake wa zamani; kompyuta ambazo haziwezi kubeba mfumo mpya zibaki hivyo hivyo, bila kinga. Inès aliisoma, akaisoma tena. Mashine zake zote zilikuwa za mfumo huo wa zamani. Gervais akasema, kumbe hata huko kwao kitu kizima kinaitwa maiti. Wiki hiyo hiyo barua ikafika kutoka Ruti, imesainiwa na afisa wa vifaa aitwaye Kalisa: kompyuta kumi na moja zimehesabiwa kuwa zimekufa, ni hatari, zirudishwe zikavunjwevunjwe. Vifaa vipya vitafikiriwa mwaka ujao.

Vitafikiriwa! Hasira ilimpanda Inès mpaka masikio yakawaka. Mashine zinawaka, zinaandika, zinahesabu, zinachora, halafu mtu aliyeko Mbarara, ambaye hajawahi kuzigusa, anaziandikia cheti cha kifo. Hakulia. Alinunua bando, akakaa siku tatu akipakua mfumo huria, ule ambao mafundi wa kila nchi wanautengeneza pamoja na kuutoa bure kwa yeyote anayeutaka. Akaupakia kwenye mashine moja baada ya nyingine. Ziliamka, tena zikawa nyepesi kuliko zamani. Aliwaandikia Ruti kuwaeleza. Jibu likaja na mistari miwili: uamuzi umeshapita, asante kwa ushirikiano wako.

Hapo ndipo Mzee Sebagabo alipotoa ushauri wake. Huyu alikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote, miaka sitini na minne, Mnyamulenge wa milima ya Kivu Kusini, mchungaji wa ng'ombe aliyefika Nakivale na fimbo peke yake. Alichapa kwa kidole kimoja, lakini hakuwa amekosa somo hata moja. Alisikiliza barua ikisomwa, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, ng'ombe yenye balikupatia mbele ya batu hairudi," alisema. "Lakini na wewe hauwezi kubaki mikono mitupu. Unarudisha ndama. Ukisharudisha ndama, maneno imekwisha, urafiki unaanza upya."

Inès ni Mrundi. Hakuhitaji kuelezwa. Kwao pia ng'ombe wa zawadi hulipwa kwa ndama, na aliyepewa ndama haji tena mlangoni kuuliza habari za mama yake. Aliona ni busara tupu. Hata Kalisa, alijiambia, ni Mnyankore. Watu wale wanaimba ng'ombe kabla hawajajifunza kutembea. Ataelewa.

Wakachagua mashine iliyo bora kuliko zote. Liliane, mwanafunzi mwenye mtoto mchanga, aliifuta vumbi mpaka kwenye vitufe, wakaifunga kwa kitenge kipya. Siku ya Jumatatu Inès na Sebagabo walipanda pikapu ya kupeleka matoke Mbarara, mashine mapajani mwa mzee, hakutaka kuishusha chini hata kwenye mashimo. Ofisini Ruti, Sebagabo alivua kofia, akasimama, akatoa hotuba ya kukabidhi ndama kama inavyotakiwa: akamsifu mtoaji, akamsifu mama wa ndama, akaomba zizi la mtoaji lijae. Kalisa, mwanamume wa miaka arobaini hivi mwenye shati lililopigwa pasi sana, alisikiliza mpaka mwisho akitabasamu. Alielewa kila neno, hilo lilionekana usoni. Kisha akafungua droo, akatoa fomu, akamsogezea Inès pale pa kutia sahihi.

Na Inès akatia. Yeye, mwanamke asiyetia sahihi hata risiti ya chumvi bila kuisoma mara mbili, siku hiyo alisaini huku akimtazama Sebagabo, macho yamemjaa maji kwa ile hotuba. Alirudi Nakivale akiimba.

Siku tisa baadaye barua nyingine ikaja. Kwa kuwa mfadhiliwa amekubali kwa maandishi kurudisha vifaa, na kwa kuwa tayari amerudisha kimoja, lori litakuja Jumanne kuchukua kumi vilivyobaki.

Loo! Aliisoma amesimama, akaketi. Karatasi za Ruti hazikuwa na mstari wa ndama. Zilikuwa na mstari wa vifaa vilivyorudishwa, moja kati ya kumi na moja, na sahihi yake ilikuwa chini yake, nzuri, haina hata doa. Maji yakimwagika hayazoleki. Sebagabo alipopata habari alikaa nje ya chumba tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi, na alipoingia alimwomba Inès radhi kwa sauti ya chini. Alisema amemponza kwa mila. Inès alimjibu kwa ukali kwamba mila haikukosea. Aliyekosea ni aliyepokea ndama akamwandika kama ng'ombe aliyerudishwa, na yeye Inès aliyesaini kama kipofu. Walioaibika si wao.

Siku zile watu walimpa ushauri wa kila aina. Gervais alitaka mashine zifichwe mtaa wa Juru kwa shemeji yake. Mama Ancilla alitaka wanawake walale barabarani mbele ya lori. Mwingine akasema wasalimu amri tu, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyo Inès alimrudishia simu yake ikiwa nusu chaji na kumwonyesha mlango. Hakuficha kitu na hakumlaza mtu barabarani. Alichofanya ni kutangaza kwamba Jumanne kutakuwa na mtihani wa majaribio, saa mbili kamili asubuhi, na atakayekosa asirudi.

Lori lilifika saa tatu. Dereva, Mbabazi, kijana aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke na mwenye Kiswahili cha kutoa amri, aliegesha kinyumenyume mpaka mlangoni na kuteremsha ubao wa nyuma kwa kishindo. Kalisa akaingia na faili kwapani. Alikuta kimya. Watu kumi walikuwa wameinama mbele ya mashine kumi, kila moja imewaka, na vitufe vinalia taratibu. Wa kumi na moja alikuwa anaandikia kwenye daftari, akingoja zamu. Hakuna aliyeinua kichwa, maana mwalimu wao alikuwa amewakataza.

Kalisa alisema kwa adabu kwamba angeomba wasimame. Inès akamwambia, kwa adabu ile ile, kwamba wako kwenye mtihani. Kalisa akaeleza kuhusu barua, kuhusu sahihi, kuhusu makao makuu ya shirika Kampala. Inès alimwacha amalize.

"Sikatai barua yako," akamwambia. "Nionyeshe fomu ya leo."

Kalisa akaitoa. Ilikuwa na mistari kumi, namba za mashine zimechapwa, na pembeni safu ya hali ya kifaa, tupu. Alisema hiyo huijaza ofisini, ni neno moja tu, imekufa, kumi zote.

"Utaijaza hapa," Inès alisema. "Utakwenda mbele ya kila moja, utaitazama, utaandika kwa mkono wako kwamba imekufa. Na jina lako chini. Ukishaandika hivyo, mimi mwenyewe nitaibeba mgongoni mpaka kwenye lori."

Mbabazi alicheka kutoka mlangoni, peke yake. Kalisa alitazama kalamu yake. Alikuwa mtu wa karatasi, na mtu wa karatasi anaijua hofu moja tu, nayo ni sahihi yake mwenyewe juu ya uongo. Jambo hilo Inès alilijua vizuri sasa. Kalisa ndiye aliyemfundisha.

Akaanza na mashine ya Liliane, ambaye mtoto wake alikuwa amelala mgongoni. Liliane alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi katika zahanati, na barua ilikuwa karibu kwisha. Kalisa alisimama nyuma yake kwa muda, hakuandika kitu, akasogea. Ya pili ilikuwa ya Sebagabo. Mzee alikuwa ametengeneza jedwali. Safu ya kwanza jina, ya pili rangi, ya tatu mama yake, ya nne mwaka alioporwa. Gaju, binti wa Bihogo. Bihogo mwenyewe. Majina sabini na mawili, ng'ombe wote waliochukuliwa milimani na wenye bunduki, na kidole kimoja cha mzee kilikuwa kinamtafuta wa sabini na tatu.

Kalisa alisoma. Alisoma kimya, midomo ikitembea, kwa sababu majina yale ni majina ya nyumbani kwao pia. Alipofika mstari wa ishirini hivi akauliza polepole, "Hii Bihogo, pembe yake ilikuwa namna gani?"

Sebagabo alikumbuka kwamba ni mtihani, akamtazama mwalimu. Inès akamruhusu kwa kichwa. Mzee akainua mikono miwili juu, akaichora ile pembe hewani, ndefu, inafunguka kisha inakutana tena karibu na ncha. Mikono ikabaki juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kalisa aliweka fomu kwenye ukingo wa meza ile, akaandika katika mstari wa pili: inafanya kazi. Akarudi kwa Liliane, akaandika mstari wa kwanza: inafanya kazi. Akaendelea ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi, na kila mara alitazama kioo kwanza kama alivyoamriwa. Mbabazi aliuliza kama apakie au asipakie. Kalisa akamwambia afunge ubao.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe," alimwambia Inès alipomaliza. "Lakini Kampala itauliza. Itatuma karatasi ingine."

"Ilete. Tutaisoma."

Hakumshukuru. Watu walimlaumu baadaye, wakasema angalau neno moja la asante, yule bwana amejiweka pabaya kwa ajili yao. Inès alisema mtu hashukuriwi kwa kuandika kwamba aliye hai yu hai. Na kama Kampala itauliza, iulize. Yeye hakuvuka mpaka na mtoto mkononi ili aje aogope safu ya karatasi.

Kabla ya kuondoka siku hiyo, Kalisa alimgeuzia fomu atie sahihi kama shahidi. Safari hii aliisoma yote, juu mpaka chini, kisha nyuma, wakati Kalisa amesimama na faili limefunguka. Mahali pa jina lake palikuwa pameshachapwa cheo, tangu huko ofisini: mfadhiliwa. Inès alichukua kalamu, akalikata neno hilo kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika fundi, na pembeni ya fundi akatia sahihi. Kalisa alitazama pale palipokatwa. Neno likikatwa kwenye fomu, afisa alitakiwa kulithibitisha, hiyo ndiyo kanuni yao. Akainama, akaweka herufi za mwanzo za jina lake pembeni ya neno fundi.

Inès akamrudishia kalamu, akawageukia watu wake, akawaambia wamebakiwa na dakika arobaini.