Fisi wa Arusi Mbili

Syokau wa Kangundo alijigamba kwamba hajazaliwa wa kumtegea kitendawili kikamshinda. Shule aliiacha darasa la nne, lakini kwa vitendawili alikuwa profesa, tena profesa asiye na mshahara.

Jumamosi moja mjukuu wake Mbinya, mshonaji katika kiwanda cha nguo huko Athi River, alimletea karatasi za katuni. Alikuwa amechora maisha yake tangu utotoni, na sasa zilitakiwa kwa mpiga chapa.

"Lakini Susu," akamwambia bibi yake, "usipokubali, sipeleki. Uko ndani."

Syokau akavaa miwani, akajitafuta. Aliona jiko lake, aliona kahawa imeanikwa. Yeye hakujiona. Aliona fisi tu, amejifunga kitambaa kichwani, amesimama kwenye njia panda: kulia arusi, kushoto arusi, ulimi nje.

"Ngai! Uroho gani huu!" Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Huyu ni Mukai jirani. Hata tumbo ni lake."

"Si yeye."

"Basi ni dada yake."

"Susu, umeshindwa. Nipe mji."

"Haya, chukua Machakos na soko lake."

"Sasa angalia sweta ya fisi."

Mahali pa kifungo palikuwa na pini. Syokau akainamisha kichwa, akakutana na pini ile ile kifuani pake.

Ikamrudia siku ile, Mbinya akiwa bado mtoto. Alitoka arusini kwa Mwendwa kabla wali haujaiva, akidhani kwa Kaloki nyama ni nyingi zaidi. Kwa Kaloki akakuta sufuria zinasuguliwa. Akarudi mbio kwa Mwendwa, akakuta mbwa na mifupa. Na jioni, tumbo likinguruma, akawaketisha wajukuu, waliomwona akipita mbio, na kuwasimulia, kwa sauti ya hekima, jinsi njia mbili zilivyomshinda fisi!

"Si ungenichora mtu?"

"Wewe ndiye ulitufundisha, Susu. Ukitaka kumsema mtu mzima, msingizie mnyama."

Mbinya akaanza kukusanya karatasi zake moja moja, macho chini.

"Rudisha hapa! Haiendi kwa mpiga chapa hivi, imejaa uongo. Fisi ako na meno yote, mimi niko na meno gani? Na kiondo kiko wapi?"

"Kiondo gani?"

"Cha kubebea nyama nyumbani. Nilikificha chini ya leso, hamkukiona." Akamsukumia kalamu. "Kichore. Kichore kikubwa, halafu upeleke."