Shemeji wa Redioni

Feisal Akida hakuwa mvivu. Kutapeli wajane ni kazi, na kuwaua ni kazi zaidi. Wenzake wa Geita walishika sururu. Yeye alishika redio. Kipindi cha salamu kilimletea jina la mwanamke na anwani yake mpaka kitandani, naye akamtumia kadi tamu kwa jina lake la hewani, lenye kipimo cha dhahabu ndani yake: Mzee wa Karati. Scolastika wa Kishapu alijibu. Doto wa Chato alijibu. Kila mmoja alifunga safari na mikufu yake kumfuata tajiri wa dhahabu, na sasa wote walikuwa chini ya duara moja, shimo la wachimbaji lililokwisha kutelekezwa.

Angeweza kubadili jina. Lakini mtu unasikika mpaka Biharamulo, halafu ujifute mwenyewe?

Leo ilikuwa zamu ya Mwahija, mjane mshonaji wa Shinyanga. Walikuwa wamekaa hotelini Buseresere wakisubiri gari la machimboni. Feisal alishajitambulisha meza zote, Mzee wa Karati ndiye mimi, na chai alikuwa anakunywa ya bure. Bangili za Mwahija alizitazama kwa mapenzi ya dhati.

"Huko kwako kuna umeme?"

"Mpaka kwenye banda la kuku, mama."

Mama Bhoke, mwenye hoteli, akaongeza sauti ya redio.

"Familia ya mzee Mabula, Kishapu, wanamsalimu shemeji yao Mzee wa Karati, na dada yao Scolastika. Ujumbe: mmetutupa, mama anaumwa."

Mwahija akatua kikombe.

"Una mke?"

"Hawa watangazaji wanachanganya kadi kila siku."

"Na huyo huyo Mzee wa Karati," mtangazaji akacheka, "anasalimiwa na wakwe zake wa Chato. Ujumbe: mwambie Doto mwanawe anamuulizia."

Wachimbaji wa meza ya jirani wakageuka kumtazama.

"Shemeji," Mama Bhoke akauliza taratibu, "wake zako umewaacha wapi?"

"Wapo nyumbani, wazima kabisa."

"Juzi uliniapia nyumba haijawahi kulala mwanamke," Mwahija akasema. Akasukuma bangili zake juu ya kiwiko, akahamia meza ya wachimbaji. Mmoja wao akabeba kigoda chake, akakiweka mlangoni, akakalia.

"Gari likija tunapanda wote, shemeji. Tukawasalimie dada zetu."

Gari lilipitia polisi kwanza. Maiti zilipoopolewa, jina la Feisal lilisomwa tena hewani, safari hii nchi nzima ikasikia. Ila ilikuwa taarifa ya habari, na hawakumpigia wimbo.