Neno Moja la Mheshimiwa

Saa nne na robo asubuhi Nyapal alikuwa na simu sikio moja, redio sikio la pili, na mkojo umembana tangu saa mbili. Kwenye mnara wa kuongozea ndege wa Juba alibaki peke yake. Mkuu wake, aliposikia kuna ndege imetekwa, alikumbuka ghafla kwamba ana homa.

"Dada, mafuta ni ya dakika kumi," alisema rubani Igga, yule yule aliyemtania kila siku kwa Kiswahili alichojifunza Nakuru. "Huyu jamaa mwenye bastola amechoka, anataka tushuke tu. Nina abiria tisa."

Kwenye redio ya pili, ya jeshi, Kapteni Lokosang alingoja kando ya mzinga wa kutungulia ndege. "Mimi iko tayari. Mukubwa nasema nini?"

Sheria ilimpa Mheshimiwa, waziri wa ulinzi, peke yake uamuzi: ishuke au itunguliwe. Nyapal alishampigia mara tatu. Kwanza yuko mkutanoni. Kisha aandikiwe barua. Kisha, "Kwani sheria inasemaje?"

Akapiga tena. "Mheshimiwa, zimebaki dakika sita. Ashuke?"

"Wewe ni binti wa nani?"

"Ni wa mnara, Mheshimiwa. Tafadhali. Ashuke?"

Alimsikia akimeza kitu, pengine chai.

"Khalas," akasema, akakata.

Juba neno hilo hufunga kila kitu: chai imetosha, bei tumekubaliana, mgonjwa amekata roho. Nyapal aliuliza ashuke, akajibiwa khalas. Basi ni sawa. Furaha ilimtoa machozi.

"Shuka, kaka," alimwambia Igga. "Njia ni yako."

"Mukubwa nasema nini?" aliuliza Lokosang.

"Amesema khalas."

Ndege ilitokea upande wa mto, magurudumu nje. Nyapal aliona moshi wa mzinga kabla hajasikia mlio: Lokosang alishika khalas ya mgonjwa. Alipiga kelele, "Hapana! Hapana!" kwenye redio isiyo yenyewe, ile ya Igga.

Siku ya nne aliitwa kwa karani wa tume ya uchunguzi, Alier. Hakuwa mtu mbaya. Alimwekea bilauri ya chai, kisha akamsogezea fomu. Penye *Aliyetoa amri* palikuwa pameshachapwa jina lake.

"Neno ni la Mheshimiwa," alisema Nyapal. "Mimi nililifikisha tu."

"Mheshimiwa hakumbuki simu yoyote, dada yangu. Simu hairekodiwi. Redio inarekodiwa, na sauti ni yako."

"Watu wamekufa kwa sababu aliogopa kusema ndiyo au hapana!"

Alier aliutazama mlango, akashusha sauti. "Kunywa kwanza."

Alinyanyua birika akamwongezea. Alimimina taratibu, akingoja mgeni aseme neno la kumzuia, kama ilivyo desturi. Nyapal alifunga mdomo. Chai ikajaa, ikafurika, ikaenea juu ya fomu mpaka jina lake likavimba na kufutika.

"Pole," alisema Alier. Akavuta droo, akatoa fomu nyingine. Jina lilikuwa limeshachapwa.