Hatua Saba Kila Upande

Kwa miaka thelathini na moja nilichora mistari ya uwanja wa raga wa klabu yetu, na miaka yote hiyo sikushika futi ya kupimia hata siku moja. Nilipima kwa miguu. Hatua zangu zilikuwa sawasawa kiasi kwamba mafundi waashi walikuja kuniazima niwapimie msingi wa ghorofa. Ghorofa lile limesimama mpaka leo, ingawa limeinama kidogo upande ule niliopiga chafya.

Basi nilikuwa nimeshastaafu, nimekaa zangu nyumbani nawachosha majirani kwa hadithi, pale bwana aliyerithi toroli langu aliposhikwa na mgongo. Mwenyekiti wa klabu akanipigia simu.

"Mzee Chokaa," akasema, maana ndilo jina langu pale, "njoo utuchoree uwanja Jumamosi. Wanawake wanacheza."

"Uwanja gani? Ule wa nyuma?"

"Uwanja mkubwa," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Nikajua nani kamng'oa. Kapteni wa timu ya wanawake ni mjukuu wangu. Siku za kazi anachomelea mageti na makomeo, Jumamosi komeo ni yeye mwenyewe, hapiti mtu, na jina lenyewe limemganda: Komeo. Kwa miaka miwili yeye na wenzake walifanya mazoezi nyuma ya stoo, kwenye kiwanja cha mawe chenye kisiki katikati. Walikikwepa kisiki kile mpaka wakakipa namba ya jezi. Na kwa miaka miwili Komeo alikuwa mlangoni kwa mwenyekiti akiomba uwanja mkubwa. Mwisho mzee wa watu akasalimu amri: Jumamosi moja, ya majaribio. Mechi ikichezwa mpaka mwisho bila aibu, wanawake wataupata uwanja kila Jumamosi ya pili. Ikiharibika, warudi kwenye kisiki chao na asisikie tena habari hiyo.

Sasa nisikilizeni dhambi yangu.

Asubuhi ile nilikuta nyasi zimekatwa, mistari ya zamani imefutika, imebaki milingoti tu. Nikasimama na toroli langu la chokaa, nikawaza. Dakika themanini! Nimewaona wanaume wenye mapaja kama magogo wakilala chini dakika ya sabini, wanawaita mama zao kwa majina kamili. Sembuse mtoto wa mwanangu? Urefu wa uwanja sikuuweza, maana unafungwa na milingoti, na mlingoti nilijaribu kuusukuma ukanisukuma. Lakini upana ulikuwa mikononi mwangu, au tuseme miguuni mwangu. Nikapunguza hatua saba upande huu, hatua saba upande ule. Nani atajua? Mapenzi ya babu hayo, nikajiambia, nikapiga mstari mweupe ulionyooka kama nia yangu.

Saa nane mchana watu wakaanza kujaa. Timu ya wanaume ilikuja nzima, si kushangilia, kuja kucheka. Walikaa mstari wa mbele na kapteni wao, jamaa mmoja mpana tunayemwita Tingatinga.

"Mzee Chokaa!" akaniita. "Eti hawa wanatumia mpira wa plastiki?"

Kabla sijafungua mdomo, Komeo akapita amebeba mpira kwapani. "Ni uleule mnaotumia nyinyi, kaka. Njoo nikurushie, pua yako itakusimulia."

Wenzake wakamzomea Tingatinga. Mimi nilikuwa nimeanza kufurahi, nikaona refa anavuka uwanja akisukuma gurudumu la kupimia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kipyenga hata kama kipyenga kiko mfukoni. Akafika mwisho, akatazama namba. Akarudi alikotoka, akapima tena.

"Nani kachora uwanja huu?"

"Mimi, mwanangu."

"Upana ni mita hamsini na tisa. Unatakiwa usipungue sitini na nane."

Mtu akizoea uongo, ulimi hutangulia akili. "Ni jua hilo," nikasema. "Nyasi zikikatwa, udongo unapigwa na jua, uwanja unasinyaa kama shati la pamba. Mwaka fulani ulisinyaa mpaka wachezaji wakawa wanapokezana kuingia."

"Na urefu? Mbona wenyewe haukusinyaa?"

"Urefu umeshikiliwa na milingoti."

Tingatinga na wenzake nusura wadondoke kwenye viti. Refa hakucheka. "Mzee wangu, hapa mechi haichezwi. Ikifika saa tisa kamili mistari haijawa sawa, naandika kwamba wenyeji wameshindwa kuandaa uwanja, naondoka zangu."

Mwenyekiti, aliyekuwa karibu, akatoa kalamu mfukoni kama aliyekuwa akiisubiri siku hiyo. Zilibaki dakika arobaini.

Komeo akanishika mkono, akanisogeza pembeni. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Babu. Umefanya nini?"

Kwa huyu ulimi ukakataa kudanganya. "Nilipunguza kidogo. Nilitaka usichoke."

"Ulishawahi kuniona nimechoka?"

Nikapangusa chokaa mikononi.

"Hujawahi kuniona nikicheza, babu. Kila nikikuita, magoti yanauma." Akanigeuza nikawatazama wageni, waliokuwa wakipasha misuli moto. Wanawake wale, ndugu zangu, walikuwa kama makabati yenye nguo ndani. "Kwa uzito hatuwawezi. Sisi tuna mbio, na mbio zetu ziko pembeni. Sasa pembeni kwenyewe umekuchora nje. Umenihurumia au umenidharau?"

Miaka thelathini na moja uwanjani, na jambo hilo halikunipitia akilini. Ukibana uwanja humpunguzii mtu kazi. Unamnyima njia, kinachobaki ni kugongana vifua tu.

"Vyote viwili," nikamwambia. "Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe saa tisa. Futi iko wapi?"

Futi ilikuwa stooni, bado imo kwenye karatasi ya duka. Komeo akatupa mwisho mmoja kwa winga wake, fundi cherehani mwembamba anayeitwa Sindano, wakaanza kuvuta kamba na kugongomea vigingi kwa soli za viatu. Wenzao wakachukua ndoo za maji na mifagio kufuta mistari yangu. Wanaume bado walikuwa wanacheka.

"Nyinyi!" Komeo akawapigia kelele. "Mikono mmepewa ya kupigia makofi tu? Kesho mnacheza hapahapa. Mkitaka kucheza kwenye uchochoro, kaeni!"

Sijui ni aibu au ni hesabu, lakini Tingatinga akanyanyuka. Akachukua fagio. Akafagia vizuri, nasema kweli, kumbe mamaye alimlea. Wenzake wakamfuata mmojammoja, vichwa chini.

Mimi nikasukuma toroli. Upande wa kwanza nikaumaliza. Upande wa pili, nimefika nusu tu, chokaa ikaisha.

"Mifuko mingine?" Tingatinga akauliza.

"Hakuna. Mingine nimeimwaga asubuhi kwenye mistari ya ujinga wangu."

Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Komeo akazungusha macho kama anayetafuta mwizi, yakatua nyuma ya jengo, kwenye bomba la moshi. Pale kuna tanuri la kuni linalochemsha maji ya kuoga ya wanaume, waliokuwa na mazoezi baada ya mechi. Wanawake wa timu huoga kwenye bomba la bustani, kwa zamu, wakizungushiana khanga. Nilipita pale miaka yote na toroli langu, sikuona ajabu.

"Majivu," Komeo akasema.

"Moto unawaka," nikamwambia. "Tukichota, tunauzima."

Wote tukamtazama Tingatinga. Akajikuna kisogo. "Basi leo tutaoga baridi," akasema. "Zimeni."

Tukachota majivu ndoo tisa, wengine watasema sita. Saa tisa kasoro dakika moja refa alisukuma gurudumu lake kutoka chokaa hadi majivu, akainama kutazama namba, akanyanyuka. "Sitini na tisa," akasema, akatia kipyenga mdomoni. Kalamu ya mwenyekiti ikarudi mfukoni.

Nikakaa, nikatazama mechi nzima kwa mara ya kwanza. Mpira ni uleule, sheria ni zilezile, dakika themanini bila punguzo. Skramu ilipogongana, pande mbili zikisukumana vichwa chini, nilisikia mlio wa mabega, na nikiusikia gizani nisingejua ni mabega ya nani. Kwa wanaume, mara nyingi mpira unazama chini ya nyama na mimi nangoja uibuke kama mtu anayengoja barua. Hawa wa kwetu, kwa kuwa hawakuwa na nyama ya kutosha, waliutembeza mkono kwa mkono, mpaka nikasahau magoti yangu yanauma. Komeo aliangushwa mara kumi na moja. Nilihesabu. Alinyanyuka mara kumi na moja.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, wageni wanaongoza kumi na saba kwa kumi na nne. Komeo akagongwa na makabati mawili, akiwa anaanguka akautoa mpira mmoja mrefu kwenda pembeni. Sindano akaudaka. Mbele yake kulikuwa na kijia tu, upana wa hatua saba. Akaingia humo, akapita kama uzi kwenye tundu, akaulaza mpira nyuma ya mstari wa trai.

"Katoka nje!" wageni wakapiga kelele. "Kakanyaga mstari!"

Refa akatembea taratibu kando ya majivu, ameinama. Chokaa ingekuwa imegandamana na nyasi, lakini majivu ni laini, kuku akipita yanasema. Yalikuwa yamelala pale bila doa, kama kitanda kilichotandikwa. Refa akainua mkono. Trai, pointi tano. Kumi na tisa kwa kumi na saba, na ndivyo mechi ilivyoisha.

Aliyeruka wa kwanza ni Tingatinga. Mwenyekiti alipiga makofi matatu, akajikuta anaendelea.

Jioni ile wanaume na wanawake walipanga foleni moja kwenye bomba la bustani, na kelele za Tingatinga alipopata maji ya kwanza zilisikika mpaka sokoni. Jumatatu akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti kuuliza kwa nini tanuri lina bomba la upande mmoja tu. La pili linaungwa sasa, na anayelichomelea mnamjua.

Komeo alinijia akiwa na nywele zinazodondosha maji, akanitia futi mkononi. "Jumamosi ijayo ni wanaume," akasema. "Utawachorea?"

"Nitawachorea, mama. Kwa futi."

"Vizuri." Akanifuta majivu shavuni. "Ila wapunguzie hatua saba kila upande, babu. Wanachoka, masikini."