Kiriba Kimoja Kabla ya Msafara

Kwa watu wa jangwani, mtoto hafundishwi kazi na aliyemzaa. Adabu, sawa, na hiyo methali ya asiyefunzwa na mamaye wanaijua fika; lakini kazi ya mikono, hapana. Binti wa mhunzi alipelekwa kwa mtengeneza matandiko ya ngamia, wa mtengeneza matandiko kwa mchimba visima, wa mchimba visima kwa mshona viriba. Sababu yao ilikuwa fupi. Mzazi huiona kasoro akajifanya haoni, na kiriba, ule mfuko wa ngozi wa maji, kikiwa na kasoro huua watu mahali pasipo na kisima.

Mshona viriba wa mwisho walimwita Bi Shazia, kwa ile shazia, sindano nene aliyozoea kuichomeka kwenye kilemba. Si mara moja aliitafuta nyumba nzima, akamlaumu kila mtu, kumbe imo kichwani mwake. Kila asubuhi alipofungua karakana yake, harufu ya ngozi na magome ilimrudisha enzi zile mtaa ulipokuwa mtaa. Nyundo upande huu, msumeno upande ule, na watoto wakipishana njiani, kila mmoja akienda kufundishwa nyumba ya mwenzake. Ukiwa mama, ulipika chakula cha mchana kikaliwa na watoto wa watu, na wako akashibishwa kwingine. Ukimgombeza wa jirani, ulijua na wako anagombezwa vilevile, basi mkawa sare.

Yeye mwenyewe alifundwa na bibi mmoja mkali waliyemwita Bibi Kisu. Mtihani ulikuwa mmoja tu: kiriba kijazwe maji, kitundikwe alfajiri juu ya mchanga mkavu uliochekechwa, kikae hadi magharibi. Likidondoka tone moja, mwalimu alikipasua kwa kisu mbele ya mwanafunzi, beseni likiwa chini, maana maji hayana kosa. Bibi Kisu alimpasulia vinne. Kwa cha nne alilia mpaka kwikwi zikamshika, na yule bibi asiyejua kubembeleza akaketi kando yake, akamega mkate wake nusu kwa nusu, wakala pamoja. Bi Shazia alikuwa amekula chumvi nyingi tangu siku ile, lakini mkate mtamu kama ule hakuupata tena.

Kisha yakaja madumu ya plastiki. Bi Shazia hakuyachukia, hata jikoni kwake yalikuwemo mawili. Lakini dumu huchemka juani, na safari ya tatu hupasuka, kwa hiyo watu wa misafara mirefu waliendelea kumgongea mlango. Waliokosekana ni wanafunzi. Miaka tisa hakuna aliyemletea mtoto, na mtoto wa jicho naye akaanza kuufunika ulimwengu wake taratibu.

Aliyekuja mwishowe ni kitindamimba wake mwenyewe, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, aliyejifunza matandiko hadi mwalimu wake akafa na kazi ikafa naye. Bi Shazia alimkatalia mwaka mzima. Ndipo mhunzi, shemeji yake, alipomuuliza kama anataka azikwe na ufundi wake kaburi moja. Akakubali kwa shingo upande, na kwa sharti: ndani ya karakana hakuna mama wala mwana. Humo aliitwa Fundi, na binti aliitwa Mwanafunzi. Wakivuka kizingiti jioni, ndipo binti alipomwambia, "Mama, pole na kazi," na yeye akauliza habari za wajukuu kana kwamba hawakuonana kutwa.

Siku ya mtihani ilifika, na ilikuwa siku ya kubanwa. Kesho yake msafara ungeondoka kwa mwendo wa siku tano bila kisima, na mkuu wake alikwisha kukiomba kiriba hicho. Kikifaulu, mtaa ungepata mshona viriba mwingine. Kisipofaulu, Bi Shazia hakujua kama macho yake yangekingoja cha pili.

Kutwa kiriba kilining'inia, mchanga mkavu. Alasiri binti akatoka kwenda kuwatazama watoto. Bi Shazia akainama, akasogeza uso karibu, na akaona mchangani, chini ya mshono wa mguu wa nyuma wa ngozi, doa dogo kama punje ya dengu.

Alijiambia ni macho. Akajiambia ni jasho lake. Akalitazama tena, na akajua. Akakumbuka mwanawe alivyochubuka vidole mwaka ule, na moyo ukamwuma kama aliyemzaa jana. Akanyoosha mguu na kulifukia doa kwa kisigino.

Miaka yote hiyo ya kazi, akasahau kwamba mchanga uliochekechwa hutunza alama ya unyayo.

Binti aliporudi aliuona unyayo. Alipiga magoti, akakinga kiganja chini ya ule mshono, akangoja. Bi Shazia alisimama akitamani ardhi impasukie. Walingoja kwa muda mrefu, mpaka binti akaushikilia mkono ule kwa wa pili. Kisha likadondoka tone moja kiganjani.

Binti aliinuka, akasogeza beseni, akachukua kisu ukutani. Bi Shazia alimwahi mkono.

"Ni tone moja tu, mwanangu."

Ndani ya karakana hakuwahi kumwita hivyo.

"Siku ya kwanza ni moja," binti alisema kwa upole. "Siku ya tano nani atakunywa, Fundi?"

Akapasua. Maji yakashuka kwa kishindo ndani ya beseni, yakawarukia miguuni, na kiriba cha mafunzo ya mwaka mzima kikabaki kitambaa cha ngozi mkononi mwake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka binti. Bi Shazia aibu ilimchoma, akaona wazi kwamba wale wa zamani waliomkataza mzazi kumfundisha mwanawe hawakuwa wakatili, walijijua tu. Lakini chini ya aibu ile alikuwa na furaha, furaha kubwa asiyoweza kuificha, na midomo ikamcheza.

Binti alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Alisema angemwomba mkuu wa msafara aahirishe safari kwa mwezi mmoja, naye angeanza ngozi nyingine asubuhi.

"Na hicho kingine nikikitundika, utakitazama, Fundi?"

"Utakitazama wewe," Bi Shazia alisema. "Na usiniite fundi tena. Mimi humu ndani ni mama yako."

Kisha akamsaidia kubeba beseni la maji hadi jikoni.