Ng'ombe wa Ghati Wanakunywa Dizeli

Siku redio ilipotangaza bei mpya ya mafuta, Waitara alikuwa nyuma ya nyumba yake pale Nkende, amechomeka kijiti kwenye tanki la lori lake ili ajue dizeli imebaki kiasi gani. Geji ilishakufa zamani. Akakichomoa, akaangalia unyevu ulioishia chini kabisa, akakichomeka tena kana kwamba dizeli ingemwonea huruma ipande kidogo. Nayo ilikuwa imepanda kweli, lakini si kwenye tanki.

Dereva wa lori jipya akisikia bei imepanda, anang'aka, anampigia bosi wake simu, maisha yanaendelea. Mwenye lori kuukuu hana bosi wa kumpigia. Na lori kuukuu linakunywa, jamani! Linakunywa likipanda mlima, linakunywa likiwa limesimama, na inayobaki linaidondosha barabarani. Ndiyo maana madereva wa Tarime wenye magari ya namna hiyo wana mambo yao. Wakifika mteremko wa kushukia Mto Mara wanazima injini kabisa, gari linashuka frii, kimya, dereva ameng'ang'ania usukani uliogeuka mzito, na breki anazikanyaga kwa ubahili kwa sababu upepo wake ukiisha hakuna mwingine. Wapo walioshuka hivyo hivyo moja kwa moja mpaka mtoni. Waliobaki bado wanazima.

Waitara naye alizima. Ila yeye alikuwa na sababu kubwa kuliko wenzake, na sababu hiyo siku ile ilikuwa jikoni, inamsaidia mama yake kumenya ndizi.

Ghati, binti yake mkubwa, aliolewa ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti, kwa ng'ombe ambao watu walisimama njiani kuwaangalia. Baba mwenye akili zake timamu angewapeleka malishoni. Waitara, aliyeendesha malori ya watu tangu ujana na kutukanwa na kila tajiri, aliwauza wote akanunua la kwake, Fuso lililokuwa limeshachoka kabla halijafika Tarime. Wazee wa ukoo walimwambia ng'ombe wa mahari hawaliwi haraka hivyo, kwa sababu ndoa ikivunjika wanatakiwa kurudi walikotoka. Akacheka. Nani kasema itavunjika?

Ilivunjika wakati wa masika. Ghati alishushwa na bodaboda, uso umevimba, meno ya mbele hayapo. Mumewe, Wiliam, alikuwa amempiga kwa mpini wa jembe kwa sababu ya uji. Uji! Waitara alikaa chini kwenye vumbi akalia mbele ya watoto, kisha akaapa. "Mwanangu, kule harudi mtu. Nitawarudishia ng'ombe wao, hata kama ni kwa kulala barabarani."

Mzee Kisyeri, baba yake Wiliam, si mtu wa makelele. Alikuja na wazee wake, wakaketi na wazee wa Waitara, wakapatana bila kugombana: mpaka mahindi yavunwe. Ng'ombe wakirudi, Ghati yuko huru. Wasiporudi, Ghati anarudi kwa mumewe. Na Waitara akikaidi yote mawili, wataswagwa ng'ombe wa mdogo wake Nchagwa, aliyesimama dhamana, ambao maziwa yao ndiyo yaliyokuwa yakilea watoto wa ukoo mzima. Mnisikie vizuri, hakuna aliyemuuliza Ghati.

Mwanzoni hesabu ilikubali. Waitara alibeba ndizi za Leonida, mfanyabiashara wa soko la Tarime, akizipeleka Mugumu, na safari za kwanza zikampatia mitamba kadhaa. Akawafunga nyuma ya nyumba. Ghati akawa anawakatia majani kila asubuhi, na mara nyingine mama yake, Teresia, alimsikia akiwaimbia. Halafu dizeli ikaanza vituko vyake. Mwezi huu imepanda, mwezi ujao imepanda tena.

"Mama, niongezee kidogo kwenye mzigo," Waitara alimwambia Leonida. "Safari nzima inaishia kwenye tanki."

"Nikuongezee kutoka wapi? Mugumu ndizi wananunua kwa bei ile ile ya zamani. Ukishindwa sema, kuna kijana ana Canter mpya, haili sana."

Waitara akaufyata. Akafanya wanachofanya wote wakibanwa. Akaacha sheli, akanunua dizeli ya vidumu, ile inayouzwa nyuma ya nyumba za watu kwenye njia ya Sirari, ambayo hakuna anayeuliza imetoka wapi wala imechanganywa na nini. Kwa siku chache mambo yalimnyookea mpaka akawa anapiga mluzi. Kisha, alipokaribia Nyamongo, lori likakohoa, likatoa moshi mweupe, likanyamaza na ndizi za watu mgongoni.

Fundi alifungua pampu, akanusa, akamtazama. "Mzee, hiki ulichokuwa unalinywesha sicho. Pampu imekwisha."

Mitamba ndio walionunua pampu nyingine. Ghati mwenyewe aliwafungua kamba, akamkabidhi mnunuzi, akarudi ndani kufua. Hakumlaumu baba yake hata kwa jicho. Waitara alitamani angemtukana.

Mahindi yakakauka, yakavunwa. Waitara alizunguka mjini kutafuta wa kununua lori, na kila dereva aliyemwendea alicheka kwa huruma, maana kila mmoja alikuwa na la kwake analotaka kuliuza. Waliokuwa tayari ni wale wa chuma chakavu, na wao walitaka kulipima kwa kilo. Kwa kilo zile asingepata hata nusu ya ng'ombe waliotakiwa.

"Baba Ghati," Teresia alisema, "wapelekee lori lenyewe. Si ndio ng'ombe wao hao?"

Waitara aliona mwanga. Kwa nini hakufikiria mapema? Akaliosha lori, akalipaka rangi kwenye milango, akakopa dizeli ya kufikia tu, akampandisha Ghati mbele. Desturi ilitaka mwanamke awepo wakati mahari inarudishwa, asikie kwa masikio yake kwamba ameachiliwa. Ghati alivaa kitenge kipya cha mama yake. Hakubeba mzigo wowote, maana alikuwa anakwenda kurudi.

Lori hilo likiwaka huwezi kuzungumza ndani yake, utapasuka koo. Lakini kwenye mteremko wa Mto Mara Waitara alizima kama kawaida, na ukimya ulipoingia Ghati akauliza, "Baba, na wakikataa?"

"Wakatae lori? Mama, watu wanauza mashamba wapate lori."

"Wakikataa?"

"Hawatakataa," alisema, akakanyaga breki kwa woga, akaikanyaga tena. Ghati akageukia dirishani. Chini mtoni Waitara aliingiza gia, injini ikashtuka ikawaka, na hakuna aliyeweza kusema tena.

Kwa Mzee Kisyeri waliingia mpaka katikati ya uwanja, mbele ya zizi. Hapo Waitara akafanya kosa ambalo dereva wa lori kuukuu halifanyi hata akiwa amelewa. Alizima kwenye tambarare. Betri ilikuwa ya kubahatisha, na siku zote alisimama kwenye mteremko ili lishuke lenyewe liwake. Lakini siku hiyo alikuja kulitoa. Hakufikiri kabisa kwamba angeondoka nalo.

Alimkabidhi Mzee Kisyeri funguo kwa mikono miwili. Mzee hakuzipokea. Alilizunguka lori polepole, akapiga tairi teke, akachungulia tanki.

"Mkwe, hili linakula nini?"

"Dizeli, mkwe."

"Si ndiyo hiyo wanayoitangaza redioni kila mwezi?"

Waitara akamnyooshea tena funguo.

"Mimi nilikupa ng'ombe," Mzee Kisyeri alisema, bila hasira yoyote. "Wanaamka, wanakula majani ya Mungu, mwaka ukigeuka wamezaa. Hili halizai. Na wewe ni dereva, umezeeka kwenye usukani, limekushinda kulilisha. Mimi mchunga ng'ombe nitaliwezea wapi?"

"Uza, mkwe! Utapata ng'ombe wako!"

"Wewe mbona hukuuza?"

Hapo Waitara akapiga magoti. Mwanaume mzima wa Kikurya, mbele ya wakwe, mbele ya Wiliam aliyekuwa ameegemea zizi na mikono kifuani. Akaomba mpaka mavuno mengine. Mzee Kisyeri akatazama pembeni kwa aibu. "Inuka, usinifanyie hivyo nyumbani kwangu. Muda nilikupa. Kama ni hivyo kesho tunakwenda kwa Nchagwa."

"Baba, inuka," Ghati alisema. Alikuwa ameshashuka garini. Alimshika baba yake kwapani akamsimamisha, akampangusa vumbi magotini. "Wale watoto wa baba mdogo watakunywa nini?"

"Ghati, twende nyumbani. Potelea mbali, twende."

"Na kesho je?"

Ghati akamgeukia baba mkwe wake, akainama kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu Mzee Kisyeri, kama vile Ghati ametoka tu kisimani. "Kuni ziko nyuma ya jiko."

Waitara akapanda lori, akazungusha ufunguo. Likalia kidogo, kwii, likakata. Akazungusha tena, kimya. Akabaki ameshika usukani, amefumba macho, akitamani ardhi immeze na chuma chake.

"Njooni tusukume," Mzee Kisyeri aliwaita vijana wa boma. Wakaja wakicheka. Wiliam akaja. Na Ghati akakifunga vizuri kile kitenge cha mama yake kiunoni, akaenda nyuma, akaweka viganja kwenye bodi kando ya mumewe. Waitara aliwaona wote wawili kwenye kioo cha pembeni. Alitaka kupiga kelele kwamba acheni, lakini lori lilikuwa limeanza kutembea.

Lilipita zizi, likapita mlango wa boma. Akaachia klachi. Lori likaruka, likakohoa, likawaka. Vijana wakashangilia. Waitara alijua akisimama tu litazima, na kwamba hawezi kuwaomba wamsukume mara ya pili. Kwa hiyo hakusimama. Aliondoka bila kumuaga mwanawe, mguu kwenye mafuta, akilia kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia. Kwenye kioo wanaume walikuwa wameshabaki nyuma wakipangusa mikono. Ghati peke yake alikuwa bado anakimbia ndani ya moshi, mikono yote miwili kwenye bodi, anamsukuma baba yake aende.