Kitabu cha Mwisho cha Mevio

Asubuhi ile sebule ya Mevio ilikuwa tupu. Miaka nenda miaka rudi watu walifika hapo kabla jua halijachomoza, wamejifunga majoho yao, kumwamkia mzee na kuondoka na kikapu cha chakula. Leo vikapu vilikuwa vimepangwa ukutani na mikate ilikuwa inakauka ndani.

"Hata Fusko hajaja," alisema Bato, bawabu. "Fusko akiacha cha bure, ujue nyumba hii inanuka kaburi."

"Funga domo," alijibu Nikanori, mtumwa aliyekuwa mwandishi wa mzee.

Sababu aliijua. Juzi mzee aliwaalika marafiki akawasomea kitabu chake kipya, kilichobakiza kurasa chache tu, kama waandishi wote wa Roma wanavyofanya kabla ya kukitoa. Aliwasomea jinsi wakubwa wa Baraza la Seneti walivyouzana wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na akamtaja kwa jina mtu aliyemsaliti kaka yake ili arithi shamba la mizabibu. Mjukuu wa mtu huyo alikuwa ameketi mbele kabisa, naye siku hizi ni kipenzi cha Kaisari. Alipiga makofi kwa adabu, akatoka, akaenda kufungua shtaka la uhaini.

Kitabu alikitunga Mevio, ila kila neno liliandikwa na mkono wa Nikanori. Ndiyo kazi aliyonunuliwa kuifanya, tangu akiwa kijana katika soko la watumwa la Delo. Na kwa sheria ya Roma ushahidi wa mtumwa si ushahidi mpaka ateswe kwanza.

Njia ya kumwokoa Nikanori ilikuwa moja. Mshtakiwa akifa kabla ya hukumu, kesi inakufa naye na wosia wake unasimama. Wosia wa Mevio ulimpa Nikanori uhuru. Kumwacha huru sasa kusingesaidia, mahakama ingesema ni hila. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, "Usiwe na wasiwasi. Nitakuwa nimeshaondoka kabla hawajakugusa." Nikanori alimwamini, maskini, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Alimkuta chumba cha bustanini, blanketi miguuni.

"Tuliishia wapi?"

"Kwenye uhuru, bwana."

"Haya, andika. Hakuna mfalme aliyetunyang'anya uhuru wetu. Tulimpelekea wenyewe kipande kipande, kila mmoja akidhani chake ni kidogo."

Nikanori aliandika. Yalikuwa maneno mazuri, naye aliyachukia.

"Bwana, pale juu kuna mtumwa wa yule kaka aliyesalitiwa. Aliyefia mikononi mwa watesaji bila kumtaja bwana wake. Alikuwa anaitwa nani? Niliacha nafasi ya jina."

"Weka 'mtumwa mmoja'. Ndivyo historia inavyoandikwa. Msomaji jina lake atalipeleka wapi?"

Nikanori akajaza nafasi ile. Kisha akaweka kalamu chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kuambiwa.

"Watakuja leo, bwana."

"Najua."

"Uliniahidi."

"Umebaki ukurasa mmoja, Nikanori. Mmoja tu. Unataka nife nikiwa nimekata kauli katikati?"

Mlango ukagongwa. Bato alisikika akiwaambia askari kwamba mzee yuko msalani, tena ana tumbo baya, wasubiri. Hawakusubiri. Mevio alimtazama mwandishi wake akishikwa mikono, akasema kama mtu anayemtuma sokoni, "Nenda nao. Nitamaliza upesi."

Walianza na vidole vya mkono wa kulia, kwa kuwa waliambiwa ndio wa kuandikia. Walimuuliza kama bwana wake alicheka alipomtaja Kaisari. Nikanori aliwaambia kweli, kwamba Kaisari hayumo kitabuni hata mara moja, nao wakahamia mkono wa kushoto. Ilipofika saa sita mchana akaja mjumbe kusema Mevio amejikata mishipa bafuni, amekufa. Wakamfungua. Mmoja wao akampa maji na kumwita ndugu, maana alikuwa mtu huru sasa.

Nakala zote ambazo marafiki walikuwa wameshanakili zilichomwa uwanjani. Ilibaki ile ya mzee mwenyewe, ambayo Mevia, binti wa mzee, aliificha ndani ya gunia la dengu. Mambo yalipopoa alimwita Nikanori. Vidole vyake vilikuwa vimepona vimepinda, hata kijiko kilimshinda.

"Utanisomea, nami nitaandika," alisema Mevia. "Tupate nakala nyingine kabla hii haijaoza."

Walifanya hivyo mpaka ukurasa wa mwisho, ulioandikwa na Mevio kwa mkono wake mwenyewe, herufi zikiyumba. Nikanori aliupitia kwa macho kwanza. Akaurudia. Moyo ulimuuma kuliko vidole.

"Baba alikuwa analia alipouandika huo," alisema Mevia. "Nilimwona. Haya, soma."

"Asubuhi ya leo," alisoma, "wamemchukua Nikanori ili ateswe kwa ajili ya kitabu hiki."

Kalamu ya Mevia ilisimama. Aliinama, akautazama ukurasa, kisha akaitazama mikono ya Nikanori, kisha ukurasa tena.

"Hapa imeandikwa 'mtumwa mmoja'," alisema kwa upole. "Tusimbadilishie marehemu maneno yake."

Akaandika kama baba yake alivyoandika. Nikanori alingoja wino ukauke, akamsomea mstari uliofuata.